Kicheche Mkunga na Mayai ya Kishingo

Paukwa.

— Pakawa.

Aliyeshiba?

— Asikilize.

Mwenye njaa?

— Asikilize vilevile.

Haya. Na wewe wa nyuma unayecheka kabla sijaanza, kiweke hicho kicheko, kitakufaa mbele.

Hapo kale, zamani za zamani, Kicheche alikuwa hanuki. Alikuwa ananukia. Alijifukiza udi, akajipaka mafuta ya asumini, na akipita njiani hata mbwa waliinua pua wakasema, "Leo Mola ametukumbuka." Msiniulize kama nina hakika. Mimi sitii chumvi.

Siku hizo palikuwa na kuku mmoja, koo wa kutaga, mwenye shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Jina lake Kishingo. Aliishi kwenye banda nyuma ya jiko la Bi Chausiku, yeye na mumewe Jogoo. Kishingo alikuwa ameshapoteza vifaranga mara mbili. Wa kwanza walichukuliwa na mwewe. Wa pili walinyeshewa wakafa kwa baridi. Mara ya tatu alipoanza kuatamia, Bi Chausiku akaja, mikono kiunoni.

"Kishingo, mimi si mtu wa kuzunguka. Mwezi ukiandama nina wageni. Ukiwa na vifaranga, utaishi. Usipokuwa nao, utakuwa mchuzi."

Angalau alisema wazi. Mtu kama huyo mimi namheshimu.

Kishingo akalalia mayai yake. Hakutoka ila kunywa maji na kudonoa punje mbili tatu. Jogoo naye kazi yake ilikuwa kupanda juu ya paa na kuutangazia mtaa kwamba yeye ni baba.

Siku moja, mlangoni:

"Hodi humu."

"Nani?" akauliza Jogoo.

"Bibi Kicheche, mkunga. Nimesikia sauti yako, mwanangu, nikasema, mwenye sauti kama ile mkewe hawezi kuachwa aangue peke yake."

Jogoo akafungua mlango. Msifie mpumbavu sauti yake, atakupa na ufunguo.

Kicheche akaingia, banda zima likanukia. Akaomba maji vuguvugu katika kata.

"Mwanangu Kishingo, mayai hupimwa. Humu mna viza, na viza moja huyaozesha mengine. Nitayatia majini. Lenye mtoto hucheza. Lisilocheza nitakwenda kulitupa mbali. Lakini wewe fumba macho. Jicho la mama huua."

Kishingo akafumba. Akasikia maji, chubwi.

"Viza," akasema Kicheche. "Pole, mwanangu."

Akalifunga yai katika pindo la khanga, akaenda zake.

Akaja mara ya pili. Hodi, karibu, fumba macho, chubwi. "Viza. Pole, mwanangu." Lakini alipofika mlangoni, ndani ya pindo la khanga kitu kikalia: pii, pii.

Kishingo akafumbua macho. "Bibi, kinalia nini hicho?"

"Tumbo langu, mwanangu. Sijatia kitu tangu asubuhi."

"Hata langu hulia hivyo," akadakia Jogoo. "Mwache bibi wa watu aende."

Kishingo akamwacha aende. Angefanya nini? Kicheche ana meno, yeye ana shingo tupu. Lakini Kicheche alipokwisha kutokomea, Kishingo alitoka akaenda nyuma ya meko, kwenye kiota chake cha zamani. Pale palibaki yai moja tangu ile mvua, kubwa, jeupe, limekaa kwenye joto la majivu mpaka hata nzi walilizunguka kwa adabu. Akalisukuma kwa kifua hadi bandani, akaliweka peke yake, mbali na mengine.

Kicheche akaja mara ya tatu. Jogoo alifungua mlango hata kabla ya hodi.

"Fumba macho, mwanangu."

"Leo sifumbi," akasema Kishingo. "Kazi nimeshaifanya. Viza ni lile pale."

Kicheche akalitazama. Kubwa, jeupe, limetengwa. Akacheka.

"Nani kakufundisha ukunga?"

"Wewe."

"Umelificha kwa sababu ndilo zuri kuliko yote. Wanawake tunajuana."

"Bibi, lile ni viza."

"Unaniona mtoto?"

"Nakuona mkunga. Ni viza, Bibi. Usilile."

"Nani kasema nakula?"

"Basi usilibebe. Nakwambia mara ya tatu, na mume wangu shahidi: ni viza."

Kweli tupu, haina hata ganda. Lakini Kicheche kila aliposema viza alikuwa anadanganya, akadhani kila mtu yuko hivyo. Hakungoja kufika nje. Akalidaka lile yai, akaling'ata palepale mlangoni.

Pwaa.

Likamwingia mdomoni, puani, kifuani, hadi mkiani. Udi ukakimbia. Asumini ikakimbia. Wale mbwa waliomshukuru Mola wakaja kwa hasira ya watu waliodhulumiwa, na Bi Chausiku akatoka jikoni na mchi. Kicheche akapita katikati yao kama mshale. Alioga mtoni, akaoga ziwani, akajigaragaza mchangani. Mpaka leo ananuka, na kila banda humjua kabla hajapiga hodi.

Mayai yaliyobaki Kishingo akayaangua. Mwezi ukaandama. Bi Chausiku akaja bandani na kisu, akakuta vichwa vidogo vikichungulia chini ya mbawa.

"Vizuri," akasema. "Yangu nilisema, na yako umetenda."

Akageuka aende. Lakini wageni walikuwa wameshakaa mkekani, na vitunguu vimeshakatwa, na kitunguu kilichokatwa hakirudi shambani. Akasimama akifikiri. Juu ya paa, Jogoo akawika, kuwatangazia wageni kwamba yeye ni baba.

Wageni walisema nyama ni ngumu kidogo, ila mchuzi mtamu.

Funzo mmeliona, lakini humu mna vichwa vigumu, kwa hiyo nitalisema. Mwongo adhabu yake si kwamba haaminiwi tu. Naye hamwamini mtu, hata yule anayemwonya kwa kweli. Na anayefungua mlango kwa kusifiwa, asishangae akifunikwa sufuriani.

Hadithi nimeitaga, sasa nashuka kiotani. Anayeitaka akaiatamie kwake. Ikitoka viza, asinirudishie.