Moyo Uliosikika Asubuhi

Katika miaka thelathini ya ukunga wake, Kunegunda alikuwa na methali moja aliyoipenda kuliko zote. Kila mwanamke mwenye haya aliyebana magoti kitandani, akaona aibu kuonyesha au kusema panapomuuma, aliinamiwa na kuambiwa kwa utani, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hapa aibu tunaiacha mlangoni pamoja na kandambili." Wanawake walicheka katikati ya uchungu, wakalegea, wakajifungua. Maana ya methali hiyo ni kwamba anayeficha shida yake hawezi kusaidiwa, hata awekewe msaada mkononi. Kunegunda aliijua kama alivyoijua sala ya Baba Yetu. Lakini kuijua dawa si kuinywa.

Mwaka 2003 ulimkuta Kunegunda akiwa mstaafu kabla ya wakati, katika nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma pale Mfaranyaki, mjini Songea. Mikono yake ndiyo iliyomstaafisha. Ilitetemeka kama jani la mgomba kwenye upepo wa Julai. Kikombe cha chai hakikufika mdomoni bila kumwagika, na shati lolote alilojaribu kulishona lilimrudishia mishono kama njia ya mlevi. Vipimo vya hospitali havikuonyesha kitu. Damu ilikuwa safi, moyo mzima. Daktari mmoja kijana alimwambia ukweli kwa upole: "Mama, ugonjwa huu umeanzia kwenye fikra. Wako wataalamu wanaoutibu kwa mazungumzo. Hapa kwetu simjui hata mmoja, ila siku hizi wanapatikana kwa mtandao."

Kunegunda alitaka jambo moja tu katika dunia hii: mikono yake irudi, ili apokee watoto tena. Basi Alhamisi iliyofuata alijitanda khanga, akaenda kwenye duka la intaneti lililofunguliwa karibu na nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya maharusi, na mtandao uliotambaa kama konokono aliyebeba mzigo. Mwenye kuhudumia alikuwa binti mmoja mchangamfu aitwaye Pamela. Watu wengi hawakujua kutumia mashine hizo. Walikaa kando yake, wakasema, yeye akaandika. Majibu yakija, aliwasomea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka kuandika barua kwa mtaalamu wa mawazo. Andika kwamba mimi ni mkunga, mikono yangu inatetemeka."

Pamela alianza kuandika, kisha akaacha. Alimgeukia, macho yakiwa yamemtoka. "Wewe ni Mama Nesi Kunegunda? Ndiwe uliyemzalisha dada yangu Lidwina, yule aliyefiwa na mtoto mwaka wa tisini na tisa! Baba yetu mmoja. Dada anakukumbuka mpaka leo. Anasema ulimshika mkono siku nzima ya msiba."

Kunegunda alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya Desemba mgongoni. Akatabasamu kwa shida. "Ndiyo mimi, mwanangu. Endelea kuandika."

Mtaalamu wa kwanza waliyempata alikuwa mama wa Kizungu, mbali huko ng'ambo. Jibu lake lilikuja kwa Kiingereza, Pamela akalifasiri huku akikuna kichwa. "Anasema uoge maji ya moto, uwashe mshumaa unaonukia, halafu ujikumbatie."

"Mshumaa? Umeme wa hapa ukikatika nawasha kila wiki. Ingekuwa dawa, ningekuwa nimepona mimi na mtaa mzima," alisema Kunegunda. "Mshukuru. Huyu hanifai."

Wa pili alikuwa bwana wa Dar es Salaam. Aliandika mistari mitatu tu: anywe vidonge vya usingizi, ale matunda, apunguze mawazo.

"Apunguze mawazo! Ni kama kumwambia mwenye njaa apunguze njaa. Huyu naye hanifai."

"Mama Nesi, unachagua wataalamu kama unachagua mbegu ya mahindi!"

"Mbegu mbaya hulii siku unayoipanda, mwanangu. Unalia siku ya kuvuna."

Wa tatu aliitwa Daimu, mtu wa Morogoro. Barua yake ilianza kwa "Shikamoo mama", na haikutoa ushauri wowote. Iliuliza. Mikono hutetemeka saa ngapi? Dakika moja kabla haijaanza, ni wazo gani linalopita kichwani? Alimwambia anunue daftari, apige mstari katikati ya ukurasa. Juu aandike wazo lenyewe. Kushoto, ushahidi kwamba wazo hilo ni kweli. Kulia, ushahidi kwamba si kweli. Kunegunda aliandika kwa herufi zilizopinda: *Mikono hii si ya kuaminika.* Upande wa kulia akaorodhesha watoto aliowapokea, kwa majina, mpaka ukurasa ukajaa. Baada ya mwezi mmoja alikunywa kikombe kizima cha chai bila kumwaga hata tone. Alikwenda kwa Pamela akicheka kama msichana.

"Huyu ndiye," alisema. "Huyu ananifaa kama ngozi yangu."

Na kweli alimfaa. Kilichobaki ni kuona kama na yeye angemfaa mtaalamu huyo.

Barua iliyofuata iliuliza swali moja. Pamela alilisoma kwa sauti yake ile ile ya uchangamfu: "Mama, upande wa kushoto wa daftari umeuacha mtupu. Naomba unieleze uzazi wa mwisho uliouhudumia. Kama ni jambo zito mno kupita mikononi mwa mtu mwingine, usiliseme hapo dukani. Niandikie kwa kalamu, utume kwa posta. Sanduku langu ni hili hapa. Bahasha ina gundi."

Pamela alisubiri, vidole vikiwa juu ya herufi. "Au nikufundishe kuchapa mwenyewe, Mama Nesi? Wiki mbili tu, barua zako zitakuwa zako."

Kunegunda aliitazama shingo ya binti yule. Ilikuwa shingo ya Lidwina, ndefu, yenye mkunjo mmoja. Siku ya uzazi wake wa mwisho, Desemba ya tisini na tisa, ikamrudia yote. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa umelowa vizuri. Vibarua walikuwa wakimngoja shambani kwake wapande mahindi, na ni nani asiyejua kwamba anayechelewa mvua za kwanza hula kwa jirani? Lidwina alifika zahanati alfajiri, mimba ya kwanza, uchungu ukimjia kwa vipindi virefu. Kunegunda aliweka kipembe cha mbao tumboni, akasikiliza moyo wa mtoto. Ulikwenda polepole. Ukasita. Ukaenda tena. Alijua maana yake. Alijua kwamba mama yule alipaswa kupelekwa hospitali kubwa asubuhi ile ile. Lakini alijiambia kwamba ni sikio lake lililochoka. "Bado sana," alisema. "Rudi nyumbani, uje jioni." Naye akaenda kupanda mahindi.

Lidwina aliporudi alasiri, alikuwa na udongo miguuni. Wakwe zake walimwambia kazi huharakisha uchungu, akalima matuta mawili. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Hapo ndipo Kunegunda, akiwa na udongo wa shamba lake mwenyewe chini ya kucha, alipotamka maneno haya: "Nani alikutuma kushika jembe?" Kwenye kitabu cha zahanati akaandika kwamba mama alifanya kazi ngumu, akachelewa kurudi. Halafu akamshika mkono, akalia naye. Machozi hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomfanya aaminiwe.

Sasa posta ilikuwa mwendo wa robo saa. Bahasha ina gundi.

"Andika," Kunegunda alisema. "Andika kwamba mama alikuja asubuhi, hali ilikuwa nzuri. Nilimwambia apumzike, nikamkataza kazi ngumu. Hakusikia. Akashika jembe."

Pamela aliacha kuchapa. Hakugeuka. "Ulimkataza jembe?"

"Nilimkataza."

"Dada hajawahi kutuambia hivyo."

"Mtu husimulia yale anayoweza kuyabeba, mwanangu. Andika."

Wiki moja baadaye jibu lilikuja. Daimu, aliyepewa uongo, aliupima kwa uaminifu kama anavyopima kila kitu: "Kwa maelezo haya, mama, upande wa kushoto hauna ushahidi. Ulimwonya. Hukukosea. Soma sentensi hiyo kila asubuhi." Pamela aliisoma kwa sauti kavu, akaichapisha kwenye karatasi, akamkabidhi bila kumtazama. Kunegunda aliisoma kila asubuhi kama alivyoagizwa, na kila asubuhi mikono ilizidi. Mwishowe alishindwa hata kufunga vifungo vya gauni lake.

Ikaja Pasaka. Pamela alikwenda kwao Namtumbo, na aliporudi hakufunua kompyuta yoyote. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Kunegunda, akasimama mlangoni.

"Karibu ndani, mwanangu."

"Sikai, Mama Nesi. Nimekuja kuungama, nimevunja siri yako." Alibaki ameshika mwimo wa mlango. "Remmy, mume wa dada, alikuja na wazee wake, mama yake akiwamo, kumtoa dada kwa baba, alikokimbilia, amrudishe nyumbani. Miaka yote hii mama yake Remmy alisema dada ameua mtoto kwa jembe, lakini Remmy alisimama upande wake. Alisema hakuna aliyemkataza, angejuaje? Sasa tuko jikoni tunawapikia wageni, mimi hasira zikanipanda. Nikamwambia, 'Dada, kwa nini ulituficha kwamba nesi alikukataza? Nimeiandika barua kwa mkono wangu!' Kumbe mama mkwe amekaa nje ya dirisha, anasikia."

"Halafu?"

"Halafu hawakula. Remmy alimwuliza dada, 'Ni kweli?' Dada akasema hakumbuki. Alimwuliza mara mbili. Wakaondoka, ugali ukabaki mezani."

Hapo palikuwa na mlango wa pili wa kusema kweli, na huo nao ulikuwa wazi. Gari la Namtumbo lilikuwa likiondoka stendi kila asubuhi. Lakini Kunegunda hakumwambia Pamela ukweli. Alisema tu, "Pole, mwanangu," akafunga mlango. Ilimchukua wiki tano kushika kalamu. Alimwandikia Daimu ukurasa mmoja uliopinda kama mizizi, akaeleza kipembe, mvua, vibarua, mahindi. Aliipeleka posta mwenyewe. Kisha akangoja jibu, maana kungoja nako ni namna ya kujificha.

Barua ya Daimu ilifika mwishoni mwa Juni. "Mama," aliandika, "ndiyo kwanza tunafahamiana. Nilikupa dawa ya ugonjwa usiokuwa wako, na hilo linaniuma. Kuna mawazo ya uongo tunayoyapinga kwa daftari. Hili si la kupingwa, ni la kusemwa, kwa yule anayebeba mzigo wako. Usingoje barua yangu nyingine. Nenda."

Alimkuta Lidwina nyuma ya nyumba ya baba yake, amekaa juu ya mkeka, akichambua majani makavu ya tumbaku. Marefu huku, yaliyotoboka kule. Alikuwa amekonda. Aliinuka haraka, akapiga magoti kidogo. "Shikamoo nesi. Karibu. Pamela hakusema kwamba unakuja."

"Usinishikie miguu, Lidwina. Kaa." Kunegunda mwenyewe aliketi chini, kwenye vumbi, akasema yote. Hakuacha hata udongo chini ya kucha.

Lidwina alisikiliza akiwa ameshika jani moja. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo hukunikataza."

"Sikukukataza. Hujakosea lolote."

"Baada ya Pasaka niliitafuta siku ile kichwani, usiku na mchana, mpaka nikakusikia ukinikataza. Nilikusikia kabisa, nesi. Nikasema basi, mimi ni mbishi, mimi ni muuaji." Alilaza jani taratibu juu ya mengine. "Asubuhi ile, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Kunegunda alifuta uso kwa khanga. "Nipeleke kwa Remmy. Nitasema mbele ya wazee wote, mbele ya padri wakitaka."

"Remmy ameoa mwezi uliopita," alisema Lidwina. "Msichana wa Mbinga. Ungekuja wiki ile ya Pasaka, nesi, ungetukuta wote wawili. Alikaa siku nne kwa rafiki yake hapa Namtumbo, akitumaini kwamba nitakumbuka."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Aliingia ndani, akatoka na jembe ambalo mpini wake ulikuwa umeingia vumbi na utando wa buibui, akaliegemeza ukutani, akalitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsingizia. "Miaka minne sijaligusa," alisema. "Mvua zikija nitalima. Nenda salama, nesi. Usirudi upesi."

Njiani kurudi Songea, Kunegunda aliiweka mikono yake mapajani, akashangaa. Ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Aliigeuza, viganja juu, vidole wazi, jinsi mkunga anavyoiweka anapongoja kichwa cha mtoto. Ilikaa hivyo maili baada ya maili, mizima, imara, na haikuwa na cha kupokea. Alikuwa amemtafuta mtaalamu wa kumfaa akampata, amepewa sanduku la posta, bahasha na gundi, na bado alibana magoti mpaka mtoto akafia njiani mara ya pili, safari hii ndoa ya Lidwina. Ndipo alipojisemea, kwa sauti ambayo abiria wa jirani aliisikia, maneno aliyowaambia wengine kwa miaka thelathini: mficha uchi hazai.