Kiini Kilichomwagwa Mtoni

Ndugu zangu, najua wengine mmekuja kuitazama marumaru mpya ya kanisa letu. Haikimbii. Nisikilizeni kwanza.

Zamani, Wahispania walipotawala visiwa vya Ufilipino, mji mmoja wa huko ulikuwa ukijenga kanisa kuu la mawe. Mafundi walichanganya chokaa na ute wa mayai ili mawe yashikane. Ute tu. Basi kila nyumba ikaamriwa kuleta mayai, na nyuma ya jengo wanawake walikaa wakiyapasua: ute kwenye pipa la chokaa, kiini mtoni. Mto ukageuka manjano. Samaki walinenepa, nadhani.

Kulikuwa na mjane mmoja mwenye kuku mmoja na mtoto mmoja. Mtoto alikuwa ametoka kwenye homa ndefu, miguu haimbebi, na chakula pekee alichokubali kumeza ni yai. Amri haikumruka mama yake. Akalifunga yai la siku ile kwenye pindo la nguo, akaenda nalo. Akabeba na bakuli tupu.

"Mama, bakuli la nini?" akauliza padri aliyesimamia ujenzi.

"La kiini, Baba. Ninyi mnataka ute. Kiini nimrudishie mwanangu."

"Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi nyumbani, mama."

"Haya. Na huyo anayekimwaga mtoni, ndiye Mungu?"

Wapasuaji wa mayai wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mmoja akanong'ona, "Mjibu basi, Padri."

Msimcheke, ninyi mngejibu nini? Aliutazama mto. Akautazama ule mkono ulioshika bakuli. Kisha akakunja mikono ya kanzu yake, akalipasua yai mwenyewe, vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kusimama jikoni. Kipande cha ganda kikazama bakulini, akakichokoa kwa kidole.

"Rudi na kesho," akasema. "Uwaambie na wenzako wenye watoto."

Kesho yake kukawa na foleni ya mabakuli.

Miaka ikapita. Ardhi ikatetemeka, na ukuta uliomeza ute wa mji mzima ukaanguka. Padri, sasa mzee, akaketi juu ya kifusi akilia. Akasikia sauti:

"Baba, sogea kidogo. Hilo jiwe ulilokalia nalihitaji kwa ukuta mpya."

Alikuwa mwanamume wa mabega mapana, na nyuma yake kundi zima la wenzake.

"Wewe mwana wa nani?"

"Wa yule mama wa bakuli."

Sasa sisi. Tunachangia jengo, na ni vyema. Hata mimi sipendi kunyeshewa nikihubiri. Lakini yule binti aliyeacha kuja kwa kuwa hana sare ya kwaya, tumemmwaga wapi? Na yule mzee tunayemkumbuka siku za mchango tu? Ukuta huu nao utaanguka siku moja. Siku hiyo, ni nani atakayetuambia, "Sogea kidogo"?

Mkitoka, mtafuteni mmoja wao kabla ya kuisifu marumaru. Bakuli mnalo.