Taa Nne za Elihuruma

Macho ya binadamu yamewekwa mbele ya kichwa, na huenda ndiyo sababu kila mtu huona upesi kilicho mgongoni mwa mwenzake, asione kilicho mgongoni mwake mwenyewe. Wahenga walilitambua hilo, wakatuachia methali isiyo na adabu sana lakini yenye ukweli mwingi: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Wenye haya hupenda kuikatisha katikati. Mimi nimeisema yote, kwa kuwa mkasa uliompata mzee Elihuruma wa Akheri hauwezi kusimuliwa nusunusu.

Elihuruma alikuwa mkulima hodari na mzee wa kanisa. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni mwa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa, lakini mahindi yake, kama ya majirani zake wengi, yalilimwa kule chini kwenye tambarare. Alikuwa na trekta jekundu la zamani alilolitunza kama mboni ya jicho lake. Alikuwa pia na tabia iliyowachosha watu. Kila msimu wa kulima ulipofika alisimama kando ya mashamba ya wenzake, mikono mgongoni, akikagua mistari yao.

"Huyu alikuwa anasinzia," angesema. Au: "Huyu amelima au amekwaruza?"

Watu walicheka, maana mara nyingi alisema kweli, naye kwa kuchekewa akazidi kuvimba kichwa.

Aliyesemwa kuliko wote alikuwa Kandida, mjane wa binamu yake. Kandida alizaliwa Kibosho akaolewa Akheri, na mumewe alipofariki alimwachia trekta la bluu ambalo taa yake moja tu ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Kwa trekta hilo Kandida alikuwa akilima shamba la usharika kila mwaka. Mahindi ya shamba hilo ndiyo yaliyowapikia uji watoto wa chekechea ya kanisa, kwa hiyo hapakuwa na mtu asiyejali lilivyolimwa.

Jumapili moja, masika yakiwa yanakaribia, ibada ilikwisha na watu wakakusanyika nje kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Elihuruma alishinda mkungu wa ndizi, na kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama, aliona asiuache wakati huo upite bure.

"Shamba la Mungu linalimwa kama njia ya jongoo mlevi," alisema. "Mwaka huu nipeni mimi. Nitalima kwa mafuta yangu, na siku ya kubariki mbegu mje mlione."

Kandida alikuwa amekumbatia kuku aliyemnunua. "Lichukue tu, shemeji," alimjibu. "Nami nipumzishe mgongo. Ila usije ukaniita."

"Nikuite wewe?" Elihuruma alicheka. "Siku nitakayokuita wewe, ninyang'anyeni kiti changu cha uzee wa kanisa."

Watu waliangua kicheko. Mchungaji alitabasamu tu, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno likitoka halirudi. Elihuruma alikipenda kiti kile. Kilikuwa mbele kabisa, pembeni ya madhabahu, na alikuwa amekikalia tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Shida ilikuwa wakati. Mchana trekta lake lilikuwa limeahidiwa kwa wakulima wengine, hivyo shamba la usharika lilibaki kulimwa jioni, na jua likizama trekta hilo lilikuwa halioni hata pua yake, kwa kuwa taa zake za kiwandani zilikufa zamani. Basi akaazimia kununua taa za kazi. Alivaa koti lake la Jumapili, akashuka mjini Arusha hadi Kijenge, kwenye duka la vipuri la kijana mmoja wa Kichaga aliyeitwa Aristides.

"Shikamoo mzee wangu, karibu."

"Marahaba. Nataka taa za trekta. Zile kali."

Aristides alimpangia taa mezani, akaziunganisha na betri moja baada ya nyingine. "Ziko za aina mbili, mzee. Hii yenye kioo laini inatupa mwanga mbali sana, kama tochi. Hii yenye kioo cha mistari haifiki mbali, ila inautandaza mwanga chini, unaona kila bonge la udongo. Sasa, plau lako liko mbele au nyuma?"

"Umewahi kuona plau liko mbele?"

"Ndiyo maana nauliza. Ningekushauri uchukue mbili za mbali, zikuonyeshe njia, na mbili za kutandaza zitazame plau."

Elihuruma aliiwasha ile ya kioo laini, akaielekeza nje ya mlango. Mwanga ulivuka barabara ukagonga ukuta wa upande wa pili, ijapokuwa ilikuwa mchana. Mwanamke aliyekuwa akipita alifunika macho kwa kanga. Hapo mzee akawa amekwisha kuchagua. Alijiona kule tambarare, akiwaka, na watu wa Akheri wakitoka majumbani mwao na kuulizana ni nani yule.

"Nipe hizi za mbali, zote nne," alisema.

"Na za nyuma, mzee?"

"Kijana, trekta haliendi kinyumenyume. Nyuma sina safari."

Aristides alimfungia taa zake. Mteja ni mfalme, na mfalme habishiwi mara tatu.

Fundi umeme, Efraimu, alizifunga taa zile uani kwa Elihuruma. Alitoboa matundu kwenye paa la chuma, akaweka mpira chini ya kila taa ili mtikisiko usizilegeze, akapitisha waya mbali na bomba la moshi, kisha akaweka fyuzi na swichi karibu na usukani. Alipomaliza alizunguka nyuma, akatazama plau, akakuna kichwa.

"Mzee, nihamishe moja ije huku. Moja tu."

Maria, mke wa Elihuruma, alikuwa anaanika kahawa karibu. "Fundi anasema kweli, Baba Diana," alisema. "Shamba unalolilima liko nyuma yako."

"Nanyi mmekuwa madereva?" Elihuruma aliwajibu kwa upole wa mtu asiyesikia. "Zote mbele."

Efraimu hakubisha. Ila kabla ya kufunga boksi lake la vifaa alipitisha waya mmoja wa ziada hadi kwenye bawa la gurudumu la nyuma, lile bati la kuzuia tope, akaukunja vizuri na kuufunga kwa kamba. "Utakaa hapo," alimnong'oneza Maria. "Haudai chakula."

Elihuruma alianza shamba la usharika siku ya Ijumaa. Kipande cha kwanza alikilima jua likiwaka, na kwa kweli mistari yake ilinyooka kama uzi. Jumamosi alifika akiwa amechelewa, na jua lilipozama nyuma ya mlima aliwasha taa zote nne kwa mara ya kwanza. Tambarare nzima ilifunuka. Sungura walikimbia. Mbele yake hakuna jani lililojificha, na kule juu Akheri watu kweli walitoka nje wakaulizana ni nani yule.

Katika shamba la jirani jioni hiyo alikuwemo Kandida, akimlimia mwenye shamba mmoja. Elihuruma aliiona taa yake moja ikitambaa polepole gizani, akaicheka kwa sauti.

"Jongoo huyo," alijisemea.

Muda mfupi baadaye injini yake ilibadilika sauti. Ilikuwa inakoroma kwa uzito, sasa ikawa inaimba kwa wepesi, na trekta likaanza kwenda kwa kasi. Elihuruma aliupigapiga usukani kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. Alimaliza mapema kuliko alivyotarajia, akaliegesha trekta kando ya shamba, akapanda bodaboda kurudi nyumbani. Hakugeuka kutazama alikotoka. Alilala usingizi wa pono.

Kesho yake, siku ya kubariki mbegu, baada ya ibada usharika wote ulishuka tambarare kwa malori na pikapu, wakiimba, mbegu zikiwa kwenye vikapu vilivyofunikwa vitambaa vyeupe. Wa kwanza kushuka waliacha kuimba. Wa pili nao wakaacha. Elihuruma, aliyekuwa amekaa mbele pamoja na mchungaji, alishuka akitabasamu, na tabasamu likamgandia usoni.

Nusu ya shamba ilikuwa imelimwa vizuri. Nusu nyingine ilikuwa na milia kama punda wa mbugani Momela: mkanda wa udongo mweusi, mkanda mpana wa nyasi, mkanda mwembamba wa udongo, kisha nyasi tupu hadi mwisho.

"Hii ni staili mpya?" aliuliza bibi mmoja, na hakuwa anatania.

Elihuruma alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya trekta lake, watu wakimfuata. Mabua ya mwaka jana na nyasi vilikuwa vimejikunja kwenye sahani za plau, zile za kukata udongo, vikawa tita kubwa kama mzigo wa kuni, na tita hilo ndilo lililoliinua plau likaelea juu ya ardhi. Bolti ya sahani ya mwisho ilikuwa imekatika, sahani inaning'inia. Ndipo alipoelewa kwa nini injini ilikuwa inaimba. Trekta halikuwa na nguvu mpya. Lilikuwa halina kazi.

Alianza kutafuta wa kulaumu. "Nani aliyaacha mabua haya shambani?" aliuliza, lakini sauti yake mwenyewe ilimtia haya. Upande wa Momela mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Kulitengeneza plau kungechukua siku kadhaa. Mvua ikianza, trekta lolote lingezama tope, na nusu ya shamba ingebaki nyasi. Mzee alitazama vikapu vya mbegu. Alitazama watoto wa chekechea waliokuja na mama zao. Alikifikiria kiti chake pembeni ya madhabahu, na moyo ukamuuma kweli, kwa kuwa alijua bei ya neno alilotaka kulisema.

Alipiga moyo konde, akageuka.

"Shemeji," alisema.

Kandida alikuwa amesimama nyuma ya wote. "Unaniita?"

"Nakuita. Mbele ya usharika wote, nakuita."

Hakuna aliyecheka. Kandida alisogea, akaliangalia lile tita la mabua, akaangalia na taa nne zilizong'aa juu ya paa.

"Shemeji, nina neno la shukrani," alisema. "Jana nililima vizuri kuliko siku zote. Kila ulipogeuza trekta mwanga wako ulinijia shambani, ukanionyesha plau langu mpaka bolti. Nilitaka kuja kukwambia asante, nikaona una haraka."

Sasa watu walicheka, na Elihuruma, ingawa kicheko kilimchoma, alicheka nao.

"Kesho mchana nitakuja," Kandida aliendelea. "Ila unifungie mbili kati ya hizo nyuma ya trekta langu, zitazame chini. Na wewe utembee nyuma, unitolee mabua."

Mchungaji alizibariki mbegu vilevile, akawaambia watu warudi Jumanne. Siku ya Jumatatu Efraimu alizifungua taa mbili, akazifunga juu ya mabawa ya trekta la bluu, zikainama kutazama plau. Kandida alilima tangu alasiri. Elihuruma alitembea nyuma yake akiwa na uma wa kutolea nyasi, na kila tita lilipoanza kujikunja alipiga mluzi, Kandida akasimama, yeye akalitoa. Jua lilipozama taa ziliwashwa. Mzee aliiona ardhi ikifunguka na kulala upande, bonge kwa bonge, jambo ambalo katika miaka yake yote ya udereva hakuwahi kulitazama kwa makini. Aliona pia kwamba mistari ya Kandida haikuwa ya jongoo. Ilipinda pale tu palipokuwa na mwamba chini, ili sahani zisivunjike.

"Kumbe huku ndiko kazi iliko," alisema, akijua kwamba ngurumo ya injini ilikuwa inaifunika sauti yake.

Walimaliza mkanda wa mwisho, wakapanda wote wawili trekta la bluu, na hawakuwa wamefika mbali matone ya kwanza yalipowaangukia. Jumanne mvua ilitulia asubuhi, na usharika ukapanda mahindi kwenye udongo laini, shamba zima.

Jumapili iliyofuata Elihuruma aliinuka kabla ya matangazo, akasema kwamba mtu mzima haahidi mnadani kisha akajificha, akaacha kiti chake cha mbele. Wachache walinung'unika kwamba adhabu ilizidi kosa, lakini alikataa kubembelezwa. Alikwenda kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pembeni ya Maria.

Plau lilipopona, alinunua taa za kutandaza mwanga kwa Aristides, na Efraimu akaziunganisha kwenye ule waya uliokuwa unangoja kwenye bawa la gurudumu. Zile mbili zilizokuwa kwa Kandida zilibaki kwa Kandida. Siku moja yeye na Maria wakishuka tambarare, jirani yao alimwonyesha Elihuruma shamba la mtu lililopindapinda, akangoja neno. Mzee alilitazama shamba lile, akafungua kinywa, akakifunga, kisha akageuka kwanza kutazama nyuma ya trekta lake. Maria aliliona hilo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, naye mzee akamwacha acheke, kwa kuwa sasa alijua methali ile ilimsema nani: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.