Zimwi kwenye Sinia la Mfalme

Haya, sogeeni mkekani niwasimulie. Zimwi lilikula kijiji kizima, likavuka mto. Mishi, aliyenusurika peke yake, akalifuata kudai hukumu.

Mfalme wa kwanza akasema, "Halikula watu wangu." Wa pili akasema, "Usinigombanishe na jirani." Wa tatu alikuwa akila pilau na zimwi lenyewe, sinia moja, nalo likichokonoa meno na kunuka uvundo.

Mishi akamwita mwanawe, "Saumu!"

Tumboni mwa zimwi sauti ikajibu, "Abee, mama! Tuko wengi!"

Mfalme akatapika. Zimwi likafungwa kamba. Sauti zile zikatoa ushahidi moja baada ya moja, likahukumiwa kifo, ndipo zikanyamaza.

Mfalme akanyoosha mkono kumpa Mishi pole.

"Kanawe kwanza, bwana," Mishi akasema, akaondoka.

Ngano nimeitua hapo.