Bi Digidigi na Kikapu Kilichofunikwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vitanda na masufuria kama sisi, alikuwepo Bi Digidigi, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na akili. Alikuwa na paka mzee mwenye jicho moja bovu, jina lake Pamba. Alimlea tangu hajafumbua macho. Alimpenda, wanangu, msiniulize kiasi gani.

Siku moja habari ikaja: mdogo wake Bi Digidigi amejifungua, anamhitaji siku zote arobaini za uzazi. Safari ilikuwa ndefu, Pamba asingeiweza. Sasa amwache kwa nani?

"Mlete kwangu," alisema Fisi. "Nyumba kubwa, mkeka mpya."

"Kwangu kuna ghorofa," alisema Chui. "Na mapazia."

Bi Digidigi aliwashukuru, kisha akaenda kwa jirani yake Nungunungu. "Kaka, nisaidie. Ingia humu kikapuni, ujikunje."

Nungunungu aliguna, lakini aliingia. Bi Digidigi akamfunika kwa kanga, akampeleka kwa Fisi.

"Shemeji, paka wangu huyu. Usimfunue mpaka niondoke, ana aibu."

"Haya, nenda salama. Nenda upesi," alisema Fisi. Hakuuliza paka anakula nini wala analala wapi. Mate yalishamjaa mdomoni.

Bi Digidigi alijificha nyuma ya ua. Kanga ikavutwa, fyuu, na Fisi akatumbukiza uso mzima.

"Yalaa! Pua yangu!"

Akatoka mbio, miiba imemjaa puani. Kwa kuona haya hakumwambia mtu.

Kwa Chui yakawa yale yale, ila Chui alitanguliza mkono. Wewe unayecheka huko nyuma, tulia, miiba inauma.

Bi Digidigi akakaa kando ya njia akalia. Safari ilikuwa kesho.

"Bado Kobe," alisema Nungunungu kutoka kikapuni.

"Kobe? Kibanda chake hata mlango hakina."

"Twende tu. Mimi nimeshazoea humu."

Kobe alikiangalia kikapu, asikipokee. "Mama, mnyama unamfunika hivyo na jua hili? Fungua nimwone. Siwezi kupokea nisichokijua."

Kikafunguliwa. Nungunungu akatoka akihema.

"Huyu si paka," alisema Kobe. "Lakini ana kiu." Akamsogezea kata ya maji, akangoja anywe, ndipo akageuka. "Na paka mwenyewe? Anakula nini? Anaogopa nini?"

"Uji na dagaa. Jicho la kushoto halioni, ukimjia upande huo anashtuka."

"Basi nitakuwa namjia kulia. Na dagaa nitaziponda, meno ya wazee nayajua."

Alasiri ile ile Bi Digidigi akamleta Pamba, na alfajiri akaondoka moyo umetulia.

Siku arobaini zilipokwisha alirudi mbio. Alimkuta Pamba amenenepa, amelala juu ya gamba la Kobe, anakoroma.

"Shika adabu, usimwamshe," Kobe alinong'ona. "Na nenda upande wa kulia."

Anayefaa kuachiwa umpendaye ni yule anayekuuliza habari zake kabla hajampokea.

Kikapu changu ni hicho, kimebaki kitupu. Anayetaka ajikunje humo nimfunike.