Kiboko Aliyetaka Kulioa Kanisa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi wanyama wakienda kanisani na viatu mkononi ili visichakae njiani, palikuwa na usharika mmoja huko Bondeni. Mchungaji wao alikuwa Kiboko. Jamani, mnene! Akipanda madhabahuni mbao zinalia kwii! kwii!

Haya ninayowaambia si umbeya. Ni habari tu ambazo hazikunipita.

Basi nje ya kanisa palikuwa na bwawa la ubatizo, maji yake baridi, unaona mpaka chini. Kiboko alipohamia pale akalitazama, akameza mate. "Haya ni maji matakatifu," akasema, "na mimi ni mpakwa mafuta. Tunafaana." Tubwi! Akaingia, asitoke tena ila kwa ibada. Akala humo, akalala humo, na hayo mengine ambayo kiboko huyafanya majini mnayajua, msinitie majaribuni niyataje. Watoto wa watu wakawa wanakwenda kubatizwa safi, wanarudi wananuka.

Kila mtu aliona. Kila mtu alinong'ona jikoni kwake. Aliyesema kwa sauti ni mmoja tu, Bibi Pimbi, mjane mzee, kimo chake hakifiki hata goti la Tembo. Jumapili moja baada ya mahubiri akasimama.

"Baba Mchungaji, samahani, naomba kuuliza. Hivi kwa nini unalala kwenye maji ya kubatizia watoto?"

"Yesu wangu!" kanisa zima likaguta.

Kiboko akafungua domo lake, waa! mpaka waliokaa mbele wakaona alichokula jana.

"Nani kauliza? Kumhoji mpakwa mafuta ni kumhoji Mungu! Kuuliza marufuku humu! Ametengwa!"

Mzee wa kanisa alikuwa Fisi. Huyo ndiye aliyekuwa akila mabaki ya Kiboko, kwa hiyo imani yake ilikuwa kubwa sana. Akamkamata Bibi Pimbi mkono, buru buru buru, mpaka benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa. Na pale Bondeni aliyetengwa hasalimiwi, haisogelei Meza ya Bwana, na akifa hapigiwi kengele wala haimbiwi wimbo.

Mvua zikaja, zikaisha. Bibi Pimbi akawa anakohoa, kho! kho! amekonda kama ufito. Jirani zake wakipita wanatazama juu, kama waliodondosha kitu mawinguni.

Alikuwa na binti yake, Eliwaza, naye mdogo hivyo hivyo, lakini ulimi wake mwepesi kuliko miguu ya swala.

"Mwanangu," mama akamwambia, "kufa siogopi. Naogopa kufukiwa kimya kimya kama kuku aliyekufa kwa kideri. Nataka kushiriki Meza ya Bwana hata mara moja tu, na siku yangu ikifika mniimbie."

"Utashiriki, mama."

"Kwa nguvu gani? Sisi kina pimbi!"

"Nguvu hatuna. Subiri."

Eliwaza akaenda kwa Mama Kanga, mwenyekiti wa akina mama, maana hakuna jambo linalozaliwa Bondeni Mama Kanga asilipakate. Mama Kanga alikatazwa kumsalimia, kwa kuwa Eliwaza ni mtoto wa aliyetengwa, lakini kusengenya hakukukatazwa. Akamnong'oneza: "Shoga, hujasikia? Dayosisi wanataka kumhamishia Mchungaji kule Nyikani. Hakuna hata dimbwi! Baba wa watu halali, anajigeuza tu majini, chubwi, chubwi."

"Ala!" akasema Eliwaza, huyoo, mbio hadi bwawani.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa yule mama mwenye mdomo? Umekuja kuuliza?"

"Hata, Baba! Swali sina. Nina wazo tu, tena nadhani ni lako, limepotea njia likaja kwangu."

"Wazo ruksa. Sema."

"Nawaza hivi, Baba. Mchungaji huhamishwa. Mwalimu huhamishwa. Lakini mume, nani atamhamisha mume kutoka kwa mke wake?"

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Mke gani?"

"Hili kanisa, Baba. Lioe. Alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe. Hapo Dayosisi watasemaje?"

"Boo-ho-ho-ho!" Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika nje. "Lilikuwa wazo langu kweli! Fisi! Harusi Jumapili hii!"

"Uwii, Baba, bila matangazo?" Eliwaza akashika kichwa. "Watasema umeliweka kanisa kinyumba! Sharti itangazwe Jumapili tatu kama ndoa ya kila mtu, na mwenye pingamizi aulizwe."

"Pingamizi? Nani wa kunipinga mimi?"

"Hakuna, Baba. Ndiyo maana kuuliza hakutakugharimu kitu."

Jumapili ya kwanza Kiboko mwenyewe akatangaza: "Mimi Kiboko natarajia kufunga ndoa na Kanisa la Bondeni. Mwenye pingamizi asimame!"

Hakusimama mtu. Fisi anapita katikati ya mabenchi, anawachekea kwa meno tu.

Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Kiboko akavimba, akaagiza suti. Jirani wakaanza kumteta Eliwaza, na mama yake akamgeuzia mgongo, uso ukutani. "Ndiyo wewe umemshauri? Umekwenda kujipendekeza kwa aliyenitenga? Afadhali nife leo leo."

"Usife, mama. Jumapili nitakupeleka kanisani mwenyewe."

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa mpaka madirishani. Eliwaza akamwongoza mama yake taratibu, akamkalisha kwenye lile benchi la nyuma. Kiboko alivaa suti, vifungo vinaomba msaada.

"Kwa mara ya mwisho! Mwenye pingamizi asimame, la sivyo anyamaze milele!"

Eliwaza akaruka juu ya benchi, tii!

"Mimi, Baba."

Shingo zote zikageuka nyuma.

"Wewe?" Kiboko akanguruma. "Wewe si ndiye..."

"Ndiye mimi, Baba. Nimechelewa kugundua. Bibi harusi ana mume tayari."

"Mume! Mume gani? Ni nani huyo?"

Hapo hapo kanisa zima likashtuka. Mchungaji ameuliza swali!

"Mimi ni mjinga, Baba. Hebu tuwaulize watoto wa kipaimara, maana umewafundisha vizuri." Akawageukia. "Watoto! Kanisa ni bibi harusi wa nani?"

Na nyinyi mnajua mtoto wa kipaimara alivyo. Amekaririshwa jibu mpaka analitaja usingizini. Wakaruka wote kwa sauti moja: "Wa Krisiiitooo!"

"Na anayetaka mke wa mwenzake anaitwaje?"

Watoto wakaangaliana. Hilo hawakufundishwa. Ndipo kule nyuma sauti ikakwaruza, kho! kho!

"Mzinzi," akasema Bibi Pimbi.

Lo! Mama Kanga akaziba mdomo kwa kitambaa, lakini kicheko kikapita pembeni, kwe-kwe-kwe! Akafuata Nyani. Akafuata Pundamilia. Kanisa likavuma kwa kicheko.

"Kimya!" Kiboko akapiga mguu, ndi! "Mtoto ametengwa! Aliyecheka ametengwa! Fisi, wapeleke nyuma!"

Sasa tazameni. Tembo, ambaye miaka yote alikuwa akibeba ngoma za kwaya bila kusema neno, akainuka polepole. Kila mtu akajikunyata, akidhani anakwenda kumkanyaga Eliwaza. Tembo akapita katikati, akafika benchi la nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi Pimbi."

Bibi Pimbi alikuwa hajasikia shikamoo tangu mvua zile. Machozi yakamtoka. "Marahaba, mwanangu."

"Naomba kukaa hapa. Na mimi nilicheka."

Akakaa chini, benchi lisingemweza. Mama Kanga akamfuata na kwaya yake. Nyani akafuata, Pundamilia akafuata, watoto wa kipaimara wakafuata wanasukumana. Wakashindwa kuenea, wakayageuza mabenchi yote yaangalie nyuma. Mbele wakabaki Kiboko na Fisi. Fisi akatazama huku, akatazama kule, akaona upande wenye chakula umehama. "Hi-hi-hii, samahani, Mchungaji," akasema, akaenda kusimama mlangoni, si ndani si nje.

"Mchungaji," Bibi Pimbi akaita, "njoo basi na wewe. Kaa hapa pembeni yangu. Ukitubu, tutakusalimia."

Kiboko hakutaka. Alivua koti, akalitupa, akatoka kishindo kishindo mpaka mtoni, na huko hakuna aliyemtengenezea bwawa.

Watu wa Dayosisi walikuja, wakasikia yote, wakamwondolea Bibi Pimbi adhabu. Akashiriki Meza ya Bwana huku ameshikiwa kikombe na binti yake. Mkidhani alikufa, mmepotea! Salamu zile zilikuwa dawa. Kikohozi kikamtoka, akaishi mpaka akachosha watu. Na bwawa walilisafisha wenyewe, ndoo kwa ndoo, wakiimba.

Wakaletewa mchungaji mpya, Digidigi. Siku ya kwanza alimaliza mahubiri, akakunja karatasi, akasema, "Haya, nani ana swali?" Mama Kanga peke yake alikuwa nayo kumi na saba, na chakula cha mchana kilipoa majumbani.

Nami naishia hapa, lililobaki ni la kutafuna wenyewe: anayekukataza kuuliza, jibu analijua.