Siku Ukoo wa Nguchiro Ulipohamia kwa Fisi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na milango ya kufunga na majirani wa kuwasema, kulikuwa na binti wa Nguchiro aliyeitwa Sikitu. Alikuwa mdogo na mwembamba kama ufito, lakini masikio yake yalisikia hata yasiyomhusu.

Sikitu na ukoo wake walikaa katika kichuguu kimoja: Bibi, mama, mashangazi, wajomba, binamu, na watoto wengi kiasi kwamba Bibi mwenyewe alikuwa akiwachanganya majina. Sufuria ilikuwa moja. Kelele zilianza alfajiri.

Kaka yake, Machano, alikuwa hodari wa hesabu katika shule ya Mwalimu Kanga. Lakini siku hizi alianza kuona haya kwao.

"Hapa hata pa kugeukia hakuna," alinung'unika. "Kila mtu ananiamuru. Machano, teka maji! Machano, mbembeleze mtoto! Kule kwa wenzangu naheshimiwa."

Wenzake gani? Fisi!

Ndiyo, fisi. Ng'ambo ya korongo walikaa fisi vijana watatu waliojiita Damu Moja. Mkubwa wao alijiita Komando. Komando wa jeshi gani, hakuna aliyejua. Alilala mpaka jua la utosi. Akiamka anapiga miayo, akimaliza miayo anasimulia vita ambavyo hakuwahi kupigana. Shingoni alivaa mkufu wa vizibo vya chupa, akitembea unalia cheke! cheke! Naye aliona ni fahari. Wenzake, Jabali na Kisu, kazi yao ilikuwa kucheka kila aliposema, hata akisema ana kiu.

Watoto wakipita kwenda shule, Komando aliita, "Oya, mdogo wangu! Njoo!" Anampa mtoto kipande cha mfupa alichokwisha kukilamba mwenyewe. "Kwenu wanakugombeza. Sisi hatukugombezi. Sisi ni ndugu zako wa kweli, damu moja!"

Na watoto wa Ngiri na Digidigi walikuwa wakikaa pale kutwa, daftari zimetupwa vichakani, wakimtazama fisi mwenye vizibo shingoni kama vile ni mfalme.

Siku moja Sikitu alikuwa akiokota kuni kando ya korongo. Akasikia sauti ya Komando.

"Machano, mdogo wangu. Kesho shule yote iko uwanjani, kuna mechi. Wewe unapita kwenye lile tundu la ghala la shule, unatusukumia nje mtama wa uji. Basi!"

"Na Nyegere, mlinzi?" Machano aliuliza.

"Nyegere? Kale kazee?"

"Mbona msiingie ninyi?"

"Tundu ni dogo, sisi ni wakubwa. Ndiyo maana tunakupenda!"

"Kweh! Kweh! Kweh!" wakacheka Jabali na Kisu.

Sikitu alisimama, manyoya yamemsimama. Nyegere hakuwa mlinzi wa kuuliza jina. Akiuma, haachii. Na hata kama Machano angeponyoka, mwizi wa uji wa watoto hana tena dawati katika shule ile. Yeye ndani ya meno, wao nje wanakula mtama. Ndio undugu wao huo!

Alikimbia nyumbani, kuni zimebaki huko huko.

"Leo namfungia ndani!" mama alisema, machozi yanamtoka.

"Mama, sisi ni nguchiro," Sikitu akasema. "Ukimfungia leo, kesho amechimba. Na akitoka atakwenda moja kwa moja kwao."

"Basi tumwache?" aliuliza Bibi.

"Hapana, Bibi. Wamesema wao ni ndugu zake. Sasa, ukoo wetu ukipata ndugu wapya tunafanyaje?"

Bibi akaanza kutabasamu, jino moja baada ya jingine. Desturi ya nguchiro ilijulikana: mtoto akipata ndugu mahali, ukoo mzima huhamia huko kwenda kujuana nao, na mikeka, na sufuria, na wagonjwa.

"Kunjeni mikeka," Bibi akasema.

Lakini kwanza Sikitu alikwenda peke yake kwa Komando. Machano hakuwapo, ila watoto wa Ngiri na Digidigi walikuwa wamejaa.

"Shikamoo, kaka Komando."

Komando alitazama nyuma aone ni nani anayesalimiwa. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpa shikamoo. Akavimba. "Marahaba!"

"Eti ni kweli Machano ni ndugu yako?"

"Damu moja!"

"Na walio wake?"

"Walio wake ni wetu!"

"Hata njaa yake?"

"Njaa yake ni njaa yetu!"

"Hata ugonjwa?"

"Hata kifo! Kwani sisi ni watu wa mchezo?"

"Lo! Sema kwa sauti, kaka. Hawa wadogo wa nyuma hawajasikia."

Komando alipanda juu ya jiwe akanguruma mpaka vizibo vikalia. Watoto wakapiga makofi. Sikitu naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, Damu Moja wangali wanakoroma, vishindo vikasikika. Chaka! Chaka! Chaka!

"Hodi kwa ndugu zetu! Hodiii!"

Komando alifumbua jicho moja. Pango lilikuwa limejaa nguchiro. Chini ya kitanda nguchiro, juu ya mkeka nguchiro, mmoja anachungulia puani mwake.

"Ninyi ni nani?" akafoka.

"Sisi?" Bibi akacheka. "Mjukuu wangu, ni sisi! Njaa yenu! Leo tunakula nini?"

Machano alikuja mbio, ametoka kujiandaa kwa kazi ya ghala. "Bibi! Mmefuata nini huku?"

"Tumefuata undugu, mwanangu. Kaa, usisimame kama mgeni."

Hapo ndipo mambo yakaanza. Shangazi alimtwisha Jabali pacha wawili. "Washike, mjomba wao." Chururuu! Wote wawili wakamkojolea kifuani. Mjomba mmoja alimpa Kisu ndoo. "Maji ya kuoga ya wazee, baba. Yawe vuguvugu." Bibi akanyoosha miguu mbele ya Komando. "Nichue, mjukuu wangu. Hapo. Hapana, juu kidogo. Kwani hujawahi kumchua mzee?"

Watoto wa Ngiri na Digidigi walikuja kutazama, wakasahau kupepesa macho.

Mara akaingia Mwalimu Kanga, miwani puani, fimbo kwapani.

"Sikitu ameniambia Machano ana walezi wapya. Ni ninyi? Vizuri sana! Wiki hii ni zamu yenu ya kuni za uji. Na choo cha darasa la kwanza kimejaa."

"Mimi?" Komando akaruka. "Nizibue choo?"

"Si ndugu yake?"

"Ndugu, lakini..."

"Basi majembe yako kule," akasema Mwalimu Kanga, akakaa mkekani kusubiri.

Kutoka uwanjani filimbi ikalia. Mechi ilikuwa imeanza. Komando alimkonyeza Machano: ghala! Machano akainuka kuelekea mlangoni.

Sikitu alimtazama Bibi. Bibi akashika kifua.

"Uwii! Wanangu! Nakufa! Nibebeni mnipeleke zahanati!" Akaanguka pu! katikati ya pango.

Machano aligeuka. "Komando! Bibi yangu! Tumbebe, haraka!"

"Mimi nina goti," akasema Komando.

"Jabali!"

"Mimi sijala tangu jana."

"Kisu!"

"Bibi gani? Mimi simjui."

Machano alisimama akimtazama Komando. "Si ulisema ugonjwa wangu ni wako? Ulipanda juu ya jiwe, wadogo wote wamenisimulia!"

"Yale yalikuwa maneno tu, mjinga wewe!" Komando akapaza sauti, vizibo vinamlia shingoni. "Tokeni! Beba ukoo wako, nisikuone tena hapa! Na ninyi mnaotazama, tokeni wote! Leo nguchiro, kesho watakuja mama zenu na bibi zenu, nitawaweka wapi? Ondokeni! Rudini shule huko!"

Kabla hajamaliza, kutoka kilimani sauti nzito ya kike ikaita:

"Tunu! Tunu weee! Supu inapoa! Njoo ule, mwanangu, na ulete hilo shuka nikufulie!"

Komando akatazama chini. Masikio yake yakalala.

"Tunu?" akauliza mtoto wa Digidigi. "Ndio yeye?"

Kicheko kilichopasuka pale, hata Jabali na Kisu walicheka, na safari hii hakuna aliyewaamuru. Watoto wakakimbilia vichakani kutafuta daftari zao, huku wakiita, "Tunu, supu!"

Machano hakucheka. Alipiga goti, akambeba Bibi mgongoni, akashika njia ya zahanati huku akihema. Njia ilipita nyuma ya ghala. Kando ya tundu alikaa Nyegere, mdomo wazi, ameketi hivyo hivyo tangu asubuhi.

Machano alilitazama tundu. Akayatazama yale meno. Akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi," akasema polepole, "ningeingia hapo."

"Najua, mjukuu wangu. Geukia nyumbani, siumwi popote."

"Huumwi? Basi shuka!"

"Nishuke kwa nini? Huku juu napaona pazuri. Tembea."

Nyuma yao Sikitu alifuata na mikeka kichwani, akiimba.

Basi, wadogo zangu, anayekuita ndugu msimpime kwa anavyonguruma juu ya jiwe, mpimeni siku kuna mgonjwa wa kubeba.